Neno Moja na Kuku wa Zena

Mjukuu wangu anapaka nywele mafuta ya nyonyo. Kanunua kichupa mjini, anasema yanajaza nywele, na kila akikifungua mimi natoka chumbani. Yeye anadhani ni uzee tu, bibi kachoka na manukato ya vijana. Mwache adhani. Harufu ile, hasa mafuta yakipata joto, inanirudisha uani kwetu Ng'ambo, Tabora, kwenye kibati kilichobandikwa juu ya makaa na miguu miwili iliyofungwa vijiti. Mmoja ulikuwa wa mdogo wangu Zena, wa pili wa kuku.

Nyie wa rika langu mnakumbuka shule za miaka ile ya Ujamaa. Jembe begani, daftari kwapani, na nusu ya siku imekwisha kwenye shamba la shule kabla hujashika kalamu. Kiingereza darasa la tano alitufundisha Mwalimu Shija, mtu mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka kola imeanza kuchanika. Siku moja aliandika ubaoni neno moja la herufi tatu: set. Akapangusa chaki mikononi, akatuangalia.

"Mnaliona dogo, eti? Hili lina maana nyingi kuliko nyie mlivyo humu darasani."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alitupa wiki mbili. Hakutaka tukariri, alitaka kila maana mtu aikute kwao nyumbani, aione kwa macho yake, ndipo aandike. Atakayeleta nyingi kuliko wenzake angekaa na kamusi ya mwalimu hadi shule ifungwe. Kamusi yenyewe haikuwa na jalada, imeshonwa kwa uzi wa viatu, lakini mimi niliitamani kama mtoto mwingine anavyotamani nguo ya Idi. Sijui kwa nini. Kwetu hapakuwa na kitabu zaidi ya msahafu wa baba, na pengine ndiyo sababu.

Basi nikaanza kuwinda. Baba alikuwa fundi seremala, na nilimkuta akipinda meno ya msumeno, moja huku, moja kule, ili mbao zisiubane. Nikaenda kumwuliza mwalimu wakati wa mapumziko, akasema naam, hiyo ni set, andika. Jirani yetu alikuwa anamwaga sakafu, saruji ikashika ikawa ngumu, nayo set. Jua kuzama nyuma ya mabehewa, set. Mama kutandika mkeka na sahani wageni wakija, set. Redio ya balozi wetu wa nyumba kumi, set. Mtego wa kwale, set. Kila nilichokitazama nilikiona kinaweza kuwa set, nikawa natembea mtaani nimetoa macho hadi watu wakaniuliza nimepoteza nini.

Zena alinifuata kila mahali. Alikuwa na miaka sita, mwembamba, hasemi sana. Mama aliniambia, "Huyu ni wako," na kweli alikuwa wangu, anabeba penseli yangu, anakaa nikikaa. Mimi nilimchukulia kama watoto wakubwa wanavyowachukulia wadogo zao, kwamba macho anayo lakini haoni kitu.

Siku moja kabla ya kupeleka daftari nilisikia kwamba Hamisi, mtoto wa karani, amenipita kwa maana moja. Nikakumbuka mwalimu aliwahi kudokeza kuwa hata kumwatamisha kuku mayai ni set. Kuku wetu mkubwa alikuwa anaatamia juu ya kichanja, kwenye stoo ya mbao za baba, mahali tulipokatazwa kukanyaga. Ngazi ilikuwa mbovu na mimi nilijiona mzito. Nikamwambia Zena, "Panda wewe, we mwepesi. Chungulia tu uniambie kama amelalia yote."

Akapanda. Hakubisha, hakuniuliza. Alipofika juu akasema, "Dada, yote," na ndipo kipago cha ngazi kikakatika.

Sitaki kueleza sauti ya mfupa. Aliyewahi kuisikia anaijua. Mama alikuja mbio na mikono ina unga, baba nyuma yake, na swali la kwanza la baba lilikuwa, "Nani kampandisha huku?" Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nikasema, "Sijui. Nimemkuta chini." Baba akamgeukia Zena, na Zena, paja limevimba, akasema, "Mimi mwenyewe."

Nilidhani maumivu yamemchanganya. Nikashukuru, Mungu anisamehe. Nikashukuru kabisa.

Baba alitaka twende hospitali saa ile ile. Mama akakataa. Utotoni yeye mwenyewe aliungwa mkono na Nyanya Kabula, mama mmoja wa kijiji cha Lusu, Mkatoliki, ambaye siku hizo alikuwa amekuja kukaa kwa binti yake mtaa wa Chemchem, na mkono wa mama ulikuwa bado unatwanga mpaka siku hiyo. Wakabishana. Mwisho baba akasema, "Haya. Lakini kuku asipotembea, nampakia mtoto kwenye baiskeli nampeleka, na asinizuie mtu."

Labda niwaeleze habari ya kuku, maana wajukuu zetu hawaijui. Waungaji mifupa wa kwetu, akina Nyanya Kabula, walikuwa wakimfunga mgonjwa vijiti wanachukua kuku wa nyumba hiyo hiyo, wanamvunja mguu, wanamfunga vijiti vile vile na dawa ile ile. Kuku analishwa, anatunzwa, hachinjwi. Siku atakapofunguliwa akatembea, ndiyo siku ya mgonjwa kusimama. Nyanya Kabula alichagua mtetea mchanga, mweupe mwenye madoa meusi. Alifanya kazi yake haraka, bila maneno. Kisha akanitazama mimi.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye mlezi wa huyu. Akila, mdogo wako kala. Akipona, mdogo wako kapona. Umenisikia?"

"Nimesikia, nyanya."

"Usimwache peke yake."

Kesho yake nilipeleka daftari shuleni. Na hapa nitasema jambo ambalo lilinitia aibu hata siku ile. Usiku mzima Zena analia kidogo kidogo kama paka, mimi nimelala pembeni yake, na kichwani mwangu limekuja wazo: kuunga mfupa nako lazima ni set. Nikaamka alfajiri nikaandika. Mwalimu Shija alipofika kwenye mstari ule alisimama. "Hii umeiona wapi?" Nikamwambia. Akanipa kamusi. Hamisi alininunia wiki nzima, na mimi nikarudi nyumbani na kamusi kifuani nikaona haina uzito wowote.

Niliifungua kwenye neno lile. Maana zilijaza kurasa, ndogo ndogo, zimebanana, nyingine sikuzielewa hadi leo. Nikatafuta ile ya mfupa. Ilikuwepo, mstari mmoja. Haikusema siku ngapi. Haikusema kitu juu ya kuku. Nikawa naisoma kila jioni nikidhani labda nimeruka mahali.

Nyanya Kabula alikuja kila siku ya tatu. Anapasha mafuta ya nyonyo, anafungua vijiti, anakanda paja la Zena kwa vidole gumba, halafu anafunga tena. Kuku naye hivyo hivyo. Zena alikuwa amelazwa karibu na dirisha ili apate hewa, na mimi kazi yangu ilikuwa mtama, maji, na kumsogeza kuku kivulini. Nilimtunza, wallahi. Siku tisa nilimtunza vizuri.

Siku ya kumi alikuja Mzee Mlewa. Huyu alikuwa Mgogo, mfanyakazi wa reli, mtani wa baba. Watani mnawajua. Enzi za misafara babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo hadi pwani, na kila wakipita Ugogo walitozwa hongo, na kutoka hapo utani ukazaliwa. Mzee Mlewa hakuwahi kubisha hodi kwetu kama watu wengine. Aliingia akipiga kelele, "Wapagazi! Hongo yangu iko wapi?" na chochote alichokiona alichukua, kofia ya baba, papai, hata siku moja sufuria na wali wake. Hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Ukikasirikia mtani umejiaibisha mwenyewe. Baba naye akienda kwa Mzee Mlewa alirudi na jogoo, tukacheka wote.

Siku hiyo mama alikuwa kwenye foleni ya sukari duka la ushirika, baba karakana, Zena amelala. Mimi nilikuwa mlangoni na kamusi yangu. Mzee Mlewa akaingia amevaa koti, mzigo begani, anakwenda likizo kwao na treni ya jioni.

"Wapagazi! Mnapita kwetu, mnakunywa maji yetu, hongo hamtoi!" Akamwona kuku. Akaangua kicheko. "Lo! Wanyamwezi wamefikia kuwafunga kuku bendeji! Huyu mgonjwa nampeleka kwa mganga wa Kigogo." Na akamtia kwapani.

"Mzee, huyo hapana," nikasema. "Huyo wa Zena."

"Wa Zena? Basi Zena atanidai mwakani!"

"Mzee, tafadhali. Naomba. Huyo usimchukue." Nikamshika koti. Nikaanza kulia. Na kadiri nilivyolia ndivyo alivyocheka, maana mtoto wa mtani akilia ndipo utani unanoga. Hakuwa mtu mbaya. Angejua, angempigia kuku magoti. Lakini mimi nililia tu, sikusema kuku yule ni nini, kwikwi zilinizidi, na yeye akatoka anaimba. Nilipopata sauti alishafika kona. Nilikimbia mpaka kituoni. Watu walikuwa wamejaa, treni inapiga honi, sikumwona.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema moyoni, kamla Zena, kamla Zena. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliamini hivyo kabisa. Kuku akichinjwa, mguu umekwisha.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza maisha yangu yote. Niliogopa fimbo ya baba, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa kwamba nikianza kusema, yote yatatoka, na ngazi nayo itatoka. Uongo wa kwanza ulikuwa umekaa mlangoni, hakuna ukweli ambao ungeweza kupita bila kuugusa.

Yule mtetea alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja, mweupe mwenye madoa vile vile, madoa kidogo tu yamepungua shingoni. Nikamkamata. Nikakata vijiti vya mabua ya mtama, nikachana kanga kuukuu ya mama, nikakaa naye nyuma ya banda. Nilijua linalotakiwa. Nilitakiwa nimvunje, ili aumie anavyoumia Zena, apone taratibu. Nikaushika ule mguu, mwembamba, wa moto. Nikafumba macho. Nikahesabu mpaka tatu. Kuku akanyamaza, hakupapatika, akaniangalia kwa jicho moja.

Mikono ilikataa. Nikalia pale, nikamwachia mguu, kisha nikaufunga mzima.

Mama aliporudi alimwona kuku mwenye vijiti yupo mahali pake, akapita. Nyanya Kabula alikuwa na macho yenye ukungu. Alipotaka kumkanda kuku nilisema mimi nimeshamkanda, akaniita mjukuu mwema. Mjukuu mwema! Kila asubuhi niliamka nikiomba kuku yule augue, ateguke, achelewe kwa njia yoyote ile, na kila asubuhi alikuwa mzima, anarukaruka na vijiti vyake, mama anasema, "Tazama anavyojitahidi." Kamusi niliirudisha kabla ya siku zake. Mwalimu Shija aliniuliza kama nimechoka kusoma, nikasema kichwa kinauma.

Hata wiki haijatimia tangu nimfunge kuku wa pili, baba akasema, "Huyu kuku mbona anataka kutembea? Mwiteni Nyanya Kabula."

Tulikusanyika uani asubuhi. Baba, mama, balozi na mkewe, na Nyanya Kabula ameketi kwenye kigoda, mkono wake uko kwenye paja la Zena chini ya kanga. Aliukanda kwa muda mrefu. Akakunja uso.

"Mimi kwa vidole vyangu naona bado," alisema. "Bado laini kidogo."

"Lakini kuku?" mama akauliza.

"Haya, mlezi. Mfungue."

Nilimfungua. Nilikuwa nimejiambia kwamba kuku akikimbia nitasema, nitapiga kelele, liwalo na liwe. Kuku akajipangusa mbawa, akatimua mbio kuzunguka ua mzima, akaruka hata ukuta. Mkewe balozi akapiga vigelegele. Mama akalia. Baba akacheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ngazi, akanishika kichwa mbele ya watu wote akasema, "Huyu kanitunzia mwanangu."

Mkono wa baba ulikuwa juu ya kichwa changu. Mdomo ukafunga.

Nyanya Kabula aliviangalia vidole vyake. Kisha akasema, "Basi, kuku katangulia. Asimame."

Wakamshika Zena kwapani, wakamsimamisha, wakamwachia. Alinitazama mimi. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka mlangoni, uso umekuwa kama majivu, hakulia hata kidogo. Watu wakapiga makofi.

Baada ya siku kadhaa paja lilianza kupinda. Baba alimpakia kwenye baiskeli akampeleka hospitali, wakafanya walichoweza, lakini mguu ulishaungana vibaya, ukawa mfupi. Nyanya Kabula alikuja mara moja, akaushika, akasema mikono yake haijawahi kumfanyia mtu hivi. Watu wakaacha kumwita. Akarudi Lusu, tukasikia baadaye kwamba hakuunga mtu tena. Mzee Mlewa alihamishiwa stesheni nyingine moja kwa moja kutoka likizo, hatukumwona. Na Zena akakua akichechemea. Watoto walimtania, aliolewa amechelewa, akazaa wawili kwa taabu, na mimi nilikuwepo siku zote hizo, nambebea ndoo, nampa nguo zangu nzuri, watu wanasema hawa ndugu wanapendana.

Mama alipomfuata baba kaburini, baada ya arobaini, nilikaa na Zena kibarazani kwake tunachambua mchele. Alikuwa amenyoosha ule mguu mbele yake. Sijui ni nini kilinisukuma. Pengine ni kwamba hapakuwa na mzazi tena wa kumwogopa. Nikamwambia. Nilianza na ngazi, nikaja kwa Mzee Mlewa, nikaja kwa kuku wa pili. Nililia mpaka mchele ukanilowea mapajani. Yeye aliendelea kuchambua.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Dada, mimi nilikuwa nimelazwa wapi?"

Alilazwa dirishani, na dirisha lile lilitazama nyuma ya banda.

"Nilikuona," akasema. "Ulimshika mguu yule kuku, ukalia, ukamwachia. Nikasema moyoni, dada anamwonea huruma."

"Sasa Zena, mbona ulisimama? Si ungesema tu kuku siye?"

Akatupa kijiwe nje ya ungo.

"Wangekuchapa," akasema.

Nikamwuliza lile ambalo miaka yote ile sikuwahi kumwuliza, si uani siku ile, si baadaye.

"Mguu uliuma?"

Zena akaweka ungo chini. Akanitazama.

"Eh, dada," akasema. "Uliuma sana."